Michezo ya kufundishia uandishi na usomaji wa kina vyuoni: ipi inafanya kazi, ipi inakula kipindi bure

KitiniMoto (Mbeya)

Wakuu salaam. Kule kwenye uzi wa vitini vya Stadi za Mawasiliano kuna waliouliza michezo ya kadi inachezwaje hasa, nikaona tuhamie huku tusichafue uzi wa watu. Walengwa ni wanaofundisha semina za mwaka wa kwanza: darasa la watu 30 hadi 45, ubao mmoja, umeme wa kubahatisha.

Tuelewane kwanza. Sizungumzii chemsha bongo za kwenye simu, zile za kuchagua A, B, C. Zile zinapima kumbukumbu na kasi ya kidole, na mtu anashinda bila kusoma aya hata moja. Mchezo ninaoutaka ni ule ambao kanuni yenyewe inakubana usome na uandike, la sivyo husogei. Kumwahidi mshindi soda hakugeuzi maswali ya kitini kuwa mchezo.

Wa kwanza unaitwa Pinga. Kundi ni watu 5.

Vifaa: karatasi 6 za A4. Kunja kila moja mara tatu, kata, unapata vipande 8, jumla 48. Gawanya hivi: madai 6, ushahidi 24 (minne kwa kila dai), viungo 12 ambavyo ni vitupu, na pingamizi 6. Darasa la watu 40 ni makundi 8, yaani karatasi 48. Usitumie karatasi nyepesi ya rimu kwa kadi za ushahidi, maandishi yanaonekana kwa nyuma na watu watachungulia. Manila ya sentimita 50 kwa 70 ukiikata vipande vya 7 kwa 10 inatoa kadi 50, inatosha kundi zima na mbili za akiba.

Katika kila ushahidi minne ya dai moja: miwili inalisaidia dai kweli, mmoja ni wa kweli lakini hauhusiki, na mmoja hauna chanzo. Usiweke ushahidi wa uongo mtupu. Uongo ni rahisi kuukamata; kinachowashinda wanafunzi ni ukweli usiohusika.

Uchezaji: changanya ushahidi, kila mtu apewe kadi 4, zinabaki 4 za kuokota. Fungua dai moja mezani. Mwenye zamu anaweka ushahidi anaouona unafaa, anachukua kiungo kitupu na kuandika sentensi moja: kwa nini ushahidi huu unalibeba dai hili. Dakika 2, asizidishe. Anasoma kwa sauti. Asiye na kadi inayofaa anapita.

Mwenzake yeyote anaweza kugonga meza na kupinga, lakini lazima achukue kadi ya pingamizi. Ziko aina tatu, mbilimbili: "haihusiki", "chanzo hakijulikani", "dai limezidi ushahidi". Zikiisha za aina moja, zimeisha. Wale watatu waliobaki wanaamua kwa kura. Pingamizi likisimama, mwenye zamu anarudisha ushahidi mkononi na kiungo kinageuzwa upande wa pili kitumike tena. Likianguka, aliyepinga anaokota kadi. Dai likipata ushahidi miwili uliokubaliwa linafungwa, linafunguliwa jingine.

Dakika 25 zikitimia mnasimama, mwenye kadi chache mkononi ndiye mshindi. Kisha dakika 15 za ukimya: kila mtu anachagua dai moja lililofungwa na kuandika aya ya maneno 120 hadi 150 kwa mkono, yenye dai, ushahidi miwili, kiungo na pingamizi moja lililojibiwa. Sehemu hii ya mwisho ndiyo somo. Ukiikata kwa sababu muda umeisha, umechezesha karata tu.

Mpangilio wa dai, ushahidi na kiungo asili yake ni Stephen Toulmin, mwanafalsafa wa Uingereza, aliyeueleza mwaka 1958. Nimeupunguza, mwenyewe alikuwa na vipengele zaidi.

Mnyalukolo_Gangilonga

Kamwene mkuu. Umeeleza vizuri ila mtu anayeanza atakwama kwenye kutunga kadi, sio kwenye kanuni. Naweka seti moja ya Iringa, kuhusu Mkwawa, mtwa (chifu) wa Wahehe, ichukueni.

Dai: Fuvu lililorudishwa Kalenga mwaka 1954 ni la Mkwawa.

Ushahidi 1: Mwaka 1953 Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda kwenye makumbusho ya Bremen, Ujerumani, akachagua fuvu kwa kulinganisha vipimo vyake na vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa.
Ushahidi 2: Fuvu hilo lina tundu linaloelezwa kuwa la risasi, na Mkwawa anaelezwa kujipiga risasi Julai 1898.
Ushahidi 3: Mkataba wa Versailles wa 1919, ibara ya 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu la Mkwawa kwa serikali ya Uingereza.
Ushahidi 4: Wazee wanasema hakuna shaka yoyote kuhusu fuvu hilo.

Kadi namba 3 ndiyo mtego. Ni nzito, ina ibara, ina mwaka, ina jina la mkataba. Wanafunzi wataikimbilia hiyo kwanza. Lakini mkataba unathibitisha kwamba fuvu lilidaiwa. Hausemi lolote kuhusu fuvu lipi lilikuja kupatikana miaka 34 baadaye.

Kiungo dhaifu cha kadi namba 1 huwa hivi: "Ushahidi huu unaonyesha kwamba fuvu ni la Mkwawa." Hicho si kiungo, ni dai limerudiwa kwa sauti nyingine. Kiungo kinachosimama: "Ikiwa umbo la kichwa hurithiwa katika ukoo, fuvu lenye vipimo vinavyokaribiana na vya ndugu zake lina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa lake kuliko mengine yaliyokuwa pale." Hapo hata anayepinga anapata pa kushika: vipimo vinapunguza idadi ya mafuvu yanayowezekana, havitaji jina la mtu. Kadi ya "dai limezidi ushahidi" inaingia hapo sawasawa, na mwandishi analazimika kulipunguza dai lake. Akiandika "huenda ni la Mkwawa, kwa sababu..." ameshaanza kuandika kama msomi.

Angalizo: darasani kuna Wahehe. Waambie mapema kwamba kinachojaribiwa ni uzito wa ushahidi, sio heshima ya Mtwa. Ukipuuza hilo, mchezo unageuka kesi ya ukoo.

Uyole_Juu

Mkuu KitiniMoto, hiyo kura ya watu watatu ina tundu. Marafiki wanapigiana kura. Kundi likiwa na watu wa bweni moja, pingamizi halisimami hata siku moja.

KitiniMoto (Mbeya)

Kweli kabisa. Dawa ni kumtaka kila mpiga kura ataje neno moja ndani ya kiungo linalomfanya akubali au akatae. Asipolitaja, kura yake haihesabiwi. Pia panga makundi kwa namba za usajili, usiwaache wajichagulie. Na mwalimu asiwe refa. Ukishaanza kuamua wewe, wanaacha kusoma kadi, wanasoma uso wako.

Mzee_wa_Hoja

Sasa wakuu, chuo kimekuwa chekechea? Sisi tulifundishwa kuandika kwa kuandika. Unapewa makala kurasa 20, unaleta insha kurasa 5, inarudi imejaa wino mwekundu. Hii ya kukata manila ni kukwepa kusahihisha.

Dada_Semina

Shikamoo mzee. Wino mwekundu unafanya kazi kwa mwalimu mwenye wanafunzi 15. Mwenye 200 anaweka tiki na alama, basi, na insha yenyewe imetoka kwenye desa (kazi ya kunakili) la mwaka juzi au kwa akili mnemba. Aya ya maneno 150 iliyoandikwa kwa mkono mbele yako, kwa kadi zilizoangukia mikononi mwa mtu siku hiyo, haina desa.

Halafu suala la chekechea. Barnard College ya New York, mwanahistoria Mark Carnes aliunda miaka ya 1990 michezo ambayo wanafunzi wanavaa uhusika wa watu wa tukio la kihistoria, wanasoma nyaraka za wakati ule, wanaandika na kuhutubia ili upande wao ushinde. Na Peter Elbow, mwalimu wa uandishi wa Marekani, alieleza mwaka 1973 mchezo wa kuamini na mchezo wa kushuku. Huo wa Elbow ndio ninaoutumia zaidi kwenye usomaji kwa sababu hauna gharama. Naueleza.

Chukua makala ya ukurasa mmoja yenye msimamo, tahariri ya gazeti inatosha. Kila mtu awe na maharage 5 mezani. Dakika 5 za kusoma kimya, kalamu mkononi.

Duru ya kuamini, dakika 10. Kila anayezungumza lazima aongeze sababu ya kumkubali mwandishi: mfano anaoujua, mazingira ambamo kauli ile ni kweli, msomaji ambaye angenufaika. Anayesema "lakini", "ila" au "ingawa" anatoa harage moja.

Duru ya kushuku, dakika 10. Sasa kinyume: kila mmoja atafute pengo, mfano unaokataa, neno lililobeba zaidi ya uwezo wake. Lazima asome mstari wenyewe kwanza, kwa namba ya mstari. Anayeshuku bila kunukuu anatoa harage. Anayemshambulia mwandishi badala ya maandishi ("huyu amelipwa") anatoa mawili.

Baadaye dakika 12: aya mbili, ya kwanza ikimtendea haki mwandishi, ya pili ikimhoji. Maneno 200 jumla.

Kinachoharibika ni duru ya kuamini, na ndiyo watu wanaoiona nyepesi. Wanafunzi wanarudia tu alichosema mwandishi kwa maneno mengine. Kurudia si kuamini. Weka sharti: kila mchango uwe na kitu ambacho hakimo kwenye makala. Tatizo la pili liko upande wa kushuku: kijana aliyezoea kwamba kilichochapwa ni cha kuheshimiwa ananyamaza. Anza na matangazo ya biashara, wiki inayofuata tahariri, ndipo uende kwenye makala za majarida. Ukianza na jarida, utakaa na ukimya dakika zote kumi.

Mzee_wa_Hoja

Marahaba. Hilo la kunukuu namba ya mstari nimelikubali. Hiyo michezo ya Barnard je, inaingia kwenye semista yetu?

Dada_Semina

Kwa shida. Mchezo mmoja unakula vipindi kadhaa, na kila mhusika anahitaji karatasi yake ya siri yenye malengo, hivyo maandalizi ni makubwa. Darasa likizidi watu 30 nusu wanakuwa watazamaji. Mwenye semina ndogo ya historia ajaribu. Kwa kozi ya pamoja ya vitivyo vyote, achana nao.

Block_T

Lugha mnachezaje? Kozi ni ya Kiingereza, na ukilazimisha Kiingereza mezani wanaongea watu wawili tu, wale waliotoka shule za "English medium".

KitiniMoto (Mbeya)

Kadi kwa Kiingereza, kiungo na aya kwa Kiingereza, mabishano kwa Kiswahili. Kichwa kinachotafuta wakati wa kitenzi hakiwezi wakati huohuo kupima kama ushahidi unatosha. Kuna vyuo vina kanuni kali kuhusu lugha darasani. Hapo weka dakika 3 za Kiswahili kabla ya kila kura, ziite "mashauriano ya kundi". Ubaoni andika miundo minne ya Kiingereza ya kuandikia kiungo, waichukue na kuijaza. Isizidi minne, maana ikiwa kumi watasoma ubao na kusahau kadi.

Mwanjelwa_Kwetu

Mimi naona mchezo wa kufupisha haujatajwa na ndio unaowaumbua watu kuliko yote. Mnyororo.

Watu 4 kwa mstari. Wa kwanza anapewa matini ya maneno 160, anaandika ufupisho wa maneno 80. Anampa wa pili ufupisho wake tu, matini asili inafichwa kwenye bahasha. Wa pili anashusha hadi 40, wa tatu 20, wa nne 10. Dakika 12, 8, 5, 3. Kisha bahasha inafunguliwa na sentensi ya mwisho inawekwa kando ya matini asili.

Matini nzuri kwa huku kwetu ni Kimondo cha Mbozi. Sentensi moja iwe kama hii: "Kimondo hiki, kilichojulikana kwa wanasayansi mwaka 1930, kina urefu wa takriban mita 3 na hukadiriwa kuwa na uzito wa tani 16, ingawa maandishi mengine hutaja tani 12." Kwa mtu wa nne huwa imebaki: "Kimondo cha Mbozi kina tani 16." Kilichokufa njiani ni "hukadiriwa", "takriban", "ingawa" na zile tani 12. Maneno ya tahadhari ndiyo ya kwanza kutupwa, kwa sababu mwanafunzi anayaona ni mapambo.

Hatua ya pili, usiiruke: kila mstari urudi nyuma utafute ni nani aliyeangusha tahadhari, kisha wauandike upya ufupisho wa maneno 20 ukiwa nayo. Inawezekana: "Kimondo cha Mbozi hukadiriwa kuwa na tani 12 hadi 16, maandishi hayakubaliani." Maneno 12 tu, na ni ya kweli.

Kosa la waandaaji ni kuchagua matini yenye hadithi. Hadithi inafupishika kirahisi na haipotezi kitu. Tafuta matini yenye makadirio, masharti na pande mbili.

Mnyalukolo_Gangilonga

Naongezea hapohapo. Matini ya Mbozi ina mchezo mwingine mdogo wa dakika 10, wa kupima umri wa chanzo. Wape machapisho manne kuhusu kimondo, mawili yakisema kiko mkoa wa Mbeya, mawili mkoa wa Songwe. Songwe ilimegwa kutoka Mbeya ikawa mkoa mwaka 2016. Kwa hiyo lile linalosema Mbeya limeandikwa kabla, au limeandikwa baadaye na mtu aliyenakili bila kuangalia. Kazi yao ni kuamua kama liliandikwa kabla au lilinakiliwa baadaye, kwa ushahidi mwingine ulio ndani ya ukurasa huohuo. Unaweza kufanya vivyo hivyo kwa Njombe, iliyotoka Iringa mwaka 2012.

Kete_22

Wakuu mbona bao hamlitaji? Mchezo wa kufikiri kuliko yote na tunao hapa.

Uyole_Juu

Bao linafundisha bao, mkuu. Mtu anaweza kuwa fundi wa mtaji (kula kete) na asijue kuandika aya.

Kete_22

Sijasema wacheze, nasema waandike. Mpe mwanafunzi kazi ya kuandika maelekezo ya kuanza bao la Kiswahili kwa mtu asiyelijua: mashimo 32, kete 64, kila mchezaji na kete 32, 6 kwenye nyumba, mbilimbili kwenye mashimo mawili ya jirani, 22 mkononi za kunamua, yaani kuingizwa mchezoni moja moja. Mwenzake ambaye hajawahi kucheza anasoma na kutenda kile tu kilichoandikwa. Mwandishi amefunga mdomo, haruhusiwi hata kutikisa kichwa. Kila mara msomaji anapokwama anaweka alama kwenye neno lililomkwamisha.

"Weka kete kwenye mashimo ya pembeni." Pembeni kulia au kushoto? Kwa upande wa nani? Hapo ndipo mwandishi anajua msomaji hayumo kichwani mwake. Dakika 20 kuandika, 10 kutenda, 15 kuandika upya. Kukosa bao si kisingizio: chora mashimo kwenye manila, tumia maharage ya dada hapo juu.

Usiwape maelekezo ya mchezo mzima. Kunamua na kutakata (kucheza bila kula) peke yake ni kurasa. Mpangilio wa kuanzia na kete ya kwanza vinatosha.

Uyole_Juu

Hapo umenyoosha. Drafti nayo ingefaa: vizibo 12 kila upande, na wanaume wengi darasani watadhani wanaijua hadi waulizwe kuandika kanuni ya kingi. Vijiwe havikubaliani.

Block_T

Na ukumbi wa watu 250, viti vimefungwa chini?

Dada_Semina

Sahau Pinga. Tumia Mnyororo kwa kwenda nyuma: safu ya mbele inaandika, inapitisha nyuma, hadi safu ya nne, kisha safu ya tano inaanza upya na matini yake. Kila kundi la safu nne lipewe matini yake, ukibandika herufi kwenye kiti cha pembeni. Karatasi zipite wima tu. Zikianza kwenda pembeni zinachanganyika. Wasaidizi wawili wa kukusanya bahasha, viongozi wa darasa wanatosha.

Jambo la Mbeya hasa: mvua za Januari hadi Machi juu ya bati. Michezo ya kusema haisikiki, kura za mdomo zinakuwa fujo. Miezi hiyo panga ya kuandika na kupitisha, yale mabishano yaache Mei na Juni.

Mzee_wa_Hoja

Alama mnazitoaje? Maana mshindi wa karata hawezi kupewa alama za kosiweki (kazi za muhula).

KitiniMoto (Mbeya)

Hapewi. Ushindi unabaki mezani. Ukiuweka kwenye kosiweki, watu wanaacha kupinga kwa sababu kumpinga mwenzako ni kumla alama. Kinachosahihishwa ni aya tu, juu ya 10: dai 2, ushahidi 3, kiungo 3, pingamizi lililojibiwa 2. Sarufi isihesabiwe kwenye aya hii. Izungushie duara, wairekebishe nyumbani. Aya 40 kwa mizani hiyo unazimaliza jioni moja kwa sababu unajua unatafuta nini.

Seti za kadi: namba nyuma ya kila kadi, rababendi, bahasha moja kwa kila kundi, na kundi lihesabu 48 kabla halijaondoka. Kadi za viungo zilizotumika zikusanye, usizitupe. Kipindi kinachofuata chagua sita dhaifu, zinakili ubaoni bila majina, darasa zima lizitengeneze.

Njombe_Baridi

Nimechelewa kufika ila nimesoma zote. Naandaa seti ya parachichi kwa wanafunzi wa kilimo. Dai langu la kwanza: "Kilimo cha parachichi kimeinua kipato cha kila mkulima wa Njombe." Ushahidi nitautoa kwenye taarifa za halmashauri na mazungumzo na wanunuzi. Naomba mnikosoe.

Mnyalukolo_Gangilonga

Hilo dai halitachezeka. "Kila mkulima" linaangushwa na mkulima mmoja tu, kadi zote mbili za "dai limezidi ushahidi" zitaisha ndani ya dakika tano na meza itapoa. Andika "Parachichi linamlipa mkulima mdogo wa Njombe kuliko mahindi." Hapo watabishana kuhusu miaka ya kusubiri mti uzae, gharama za mbolea, na kama bei ya mnunuzi mmoja inatosha kusemea mkoa. Kauli ya mnunuzi iweke kama ushahidi wenye chanzo kinachojulikana lakini chenye maslahi. Aina hiyo ya kadi haimo kwenye seti ya KitiniMoto, na ingefaa iwe ya tano kwa kila dai.

KitiniMoto (Mbeya)

Naiongeza. Ushahidi utakuwa 30, kadi zote 54, karatasi 7 badala ya 6, na zinabaki vipande 2 vya akiba. Kila mchezaji apewe 5, za kuokota 5. Njombe_Baridi, ukimaliza seti iweke hapa tuipitie.